Darasa la Watoto na Wazee

Desturi imemtenga mtoto na mtu mzima katika kujifunza. Mtoto huenda shule asubuhi. Mtu mzima, kama asoma, husoma jioni katika darasa lake mwenyewe, ili aibu ya kukosea mbele ya mwanawe isimpate. Mimi nilikuwa miongoni mwa watu walioamini kuwa mpango huo ni mwema. Nimeacha kuamini hivyo, na sababu ya kuacha ndiyo habari ya insha hii.

Nilikuwa mwalimu katika kijiji kimoja cha milimani wilayani Kilolo, mkoa wa Iringa. Msomaji asiyeifahamu nchi ile na aelewe kuwa ina nyuso mbili. Upande wa Ilula, ambako hupita barabara kuu itokayo Dar es Salaam, nyanya na vitunguu hupangwa kando ya njia kungojea wasafiri. Upande wa milima ya Udzungwa kuna ukungu, misonobari, viazi na njegere, na katika miezi ya Juni na Julai mtu haondoki mekoni ila kwa lazima. Katika upande huu wa pili palikuwa na ghala la zamani la ushirika lililobaki tupu. Niliwaomba wakuu wa kijiji wanipe ghala hilo kila Jumamosi alasiri, nifundishe kuigiza na kuchora. Walinipa kwa sharti moja, kwamba nisitoze ada. Sikuona uzito wa sharti hilo, maana hapakuwa na mtu ambaye angelipa.

Rangi hatukuwa nazo. Tulichora kwa makaa, majivu na udongo mwekundu juu ya karatasi za mifuko ya saruji zilizokung'utwa vumbi. Sikuona haya. Katika mwamba wa Igeleke, karibu na mji wa Iringa, zimo picha nyekundu za watu wa kale, nao hawakununua rangi dukani. Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao, akawafundisha jamaa zake kwa kuwakalisha karibu naye. Na alipokufa mwaka 1972 aliacha mtindo ambao dunia ingali ikiuita kwa jina lake. Hata Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya uchoraji Makerere, alianza mwaka 1937 katika baraza ya nyumba yake. Ghala letu lilikuwa pana kuliko baraza.

Juma la kwanza walikuja watoto tu. Juma la pili mama zao walikuja kuwatafuta, wakasimama mlangoni. Juma la tatu walikuja na kazi zao za mkono, wakasuka vikapu vya milulu, ambavyo vimelitangaza jina la Iringa mahali pengi, huku wakitazama na kucheka. Hapo niliweka kanuni: asimame mlangoni yeyote apendaye, lakini anayevuka kizingiti sharti achore au aigize. Nilitazamia kuwa watarudi nyuma. Walivuka, na waume zao wachache wakawafuata. Bibi mmoja, msusi tangu utoto wake, aliziangalia picha za watoto akaniambia, "Mwalimu, hawa wanaanzia pembeni. Kikapu huanzia katikati ya kitako, ndipo kikapanda." Toka siku hiyo watoto walianzia katikati ya karatasi, na picha zao zikakaa vizuri. Mimi niliyesomea kazi hiyo sikuwa nimewaambia jambo hilo.

Katika kuigiza nilijiona nina elimu zaidi. Nilikuwa nimesoma habari za kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, ambako mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja nao Penina Mlama, walifanya kazi na wanakijiji. Hawakuwapelekea mchezo uliokwisha andikwa. Waliuliza kwanza ni mambo gani yanayowasumbua watu. Mchezo ukatungwa kutokana na majibu, ukavikwa ngoma za wenyeji, na baada ya kuonyeshwa watu wakajadiliana. Nilijua pia kuwa mwaka 1996 ulianza mradi wa Tuseme, uliotumia njia ya jinsi hiyo katika shule za sekondari, ili wasichana wayaseme mambo yanayowazuia kusoma. Niliyajua yote hayo, na walakini nilikwenda ghalani na mchezo nilioandika peke yangu usiku.

Mchezo wangu ulihusu msichana aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Jambo hilo si geni kwa Mtanzania yeyote. Kwa miaka mingi nyumba za Dar es Salaam zimetafuta watumishi wao Iringa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi, lakini gari linaloshuka mlimani halimwulizi abiria umri wake. Katika maandishi yangu baba alikuwa mwenye tamaa, binti aliteswa, akarudi mgonjwa, na baba akatubu kwa machozi. Niliposoma mpaka mwisho watu walinyamaza kwa adabu. Kisha bibi yule msusi akauliza:

"Mwalimu, huyo baba umemtoa wapi?"

Nikamjibu kuwa ni mfano tu.

"Na mfano huo hauli? Mbona hukusema mwaka ule walivuna nini?"

Sikuwa na jibu. Katika mchezo wangu hapakuwa na sakitu iliyounguza viazi, wala bei iliyoanguka siku ya kuuza, wala deni la ugonjwa. Nilikuwa nimechora mtu nikaanzia pembeni.

Niliziweka karatasi zile mfukoni. Nikasema tuigize bila maandishi, tena tubadilishane nafasi: watoto wawe wazazi, na watu wazima wawe watoto. Ghala lote lilicheka. Mvulana wa miaka kumi na miwili alivaa koti lililomfika magotini, akawa baba. Hakuna aliyemfundisha, lakini alihesabu fedha zisizokuwapo mara mbili, akazihamisha kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule, akatazama mawingu, akaguna. Kila mtu alimjua baba huyo. Mkulima mmoja wa makamo, mtu mpole ambaye mpaka siku hiyo alikuwa amechora tu, alikubali kuwa binti. Alijifunga kanga, akapiga goti mbele ya mvulana yule na kumwamkia, "Kamwene, baba." Watu walicheka mpaka wakafuta machozi.

Mvulana akasema, "Utakwenda Dar es Salaam. Kuna watu wema. Watakusomesha."

Yule mzee alinyamaza. Tulidhani ameishiwa maneno, na wengine wakamnong'oneza la kusema. Alipoinua uso, kicheko kilikwisha chenyewe.

"Nitarudi lini, baba?"

Mvulana hakutayarishwa kwa swali hilo. Alifanya kama alivyoona watu wazima wakifanya, alitazama njiani akasema, "Haya, nenda. Gari linakuja."

Mzee aliinuka, akafungua kanga, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi na kutoka nje. Niliyoyajua baadaye nilistahili kuyajua kabla. Miaka miwili iliyopita alikuwa amempeleka mjini binti yake wa miaka 13. Kando ya barabara binti alimwuliza swali lile lile, naye alimjibu jibu lile lile. Mvulana hakuyajua hayo. Yamkini majibu ya wazazi kando ya barabara hufanana.

Jioni nilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Niliona kuwa nimemvua mtu nguo mbele ya watoto, nikaiita kazi hiyo sanaa. Alinikaribisha mekoni, akanipa kigoda, tukaota moto kwa muda mrefu. Hatimaye akasema, "Hukunikosea, Mwalimu. Miaka miwili nimelisikia swali lile nikiwa baba. Leo nimelisikia nikiwa yeye."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili yake alikuja, akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa wachoraji, akaomba karatasi kubwa. Alisema kuwa kalamu ya barua humshinda, maana mkono wake ni wa jembe, lakini makaa atayaweza. Alichora nyumba yake, moshi juu ya paa la jiko, mianzi ya ulanzi nyuma ya ua, na mbuzi. Kando yake alikaa yule mvulana aliyekuwa baba, akamsahihisha miguu ya mbuzi, na mzee alikubali kusahihishwa. Wahenga walisema mkubwa ni jaa, wakiwa na maana kuwa hutupiwa mambo yote naye huvumilia. Kwenye mkeka ule niliona maana nyingine, kuwa mkubwa akubalipo kupokea, hata la mtoto humfaa.

Picha ilikunjwa, ikapelekwa Ilula, ikakabidhiwa kondakta wa basi. Siku ya tisa simu ya jirani ililia. Binti aliuliza kwanza ni nani aliyechora mbuzi anayefanana na mbwa. Baba alijibu, "Ni mimi." Walicheka wote wawili, na jirani akacheka. Kisha sauti ya binti ilibadilika, akaomba nauli. Mzee aliuza viazi alivyokuwa ameviweka kwa mbegu, na msimu ule alilima eneo dogo kuliko kawaida yake. Nataja hasara hiyo kwa makusudi, kwa sababu katika mchezo nilioandika mimi toba ilikuwa haina gharama.

Binti alirudi, akaja ghalani pamoja na babaye. Hakuigiza hata siku moja, wala sikumhimiza. Alikaa kwenye mkeka akachora mianzi, mwezi hata mwezi, naye aliyejua sababu hakuuliza.

Nisije nikadhaniwa kuwa nasema sanaa ilimaliza shida ya kijiji. Sakitu ilianguka tena, na bei haikusikiliza michezo yetu. Kabla sijahama Kilolo wasichana wengine wawili walishuka kwa gari lile lile, na mama wa mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu. Lakini nasema kuwa jambo moja lilitendeka ghalani ambalo lisingetendeka katika madarasa mawili yaliyotengwa. Adabu yetu, ambayo naipenda, humkataza mtoto kumjibu mkubwa. Na kwa hiyo yapo maswali ambayo mkubwa hawezi kuulizwa maishani mwake mwote. Mchezo humwazima mtoto koti la baba, na humwazima baba kanga ya binti, kwa muda mfupi, bila adabu ya yeyote kuvunjika. Hapo swali huweza kupita. Kama tungewafundisha watoto peke yao, wangeigiza baba asiyekuwapo. Na kama tungewafundisha wazee peke yao, hakuna ambaye angepiga goti.

Mama yule niliyemtaja alikwenda na binti yake mpaka kituoni. Binti alikuwa na miaka 17. Wakiwa wangali wakingoja, mama alimgeukia akamwuliza kama anataka kwenda, na kama hataki warudi nyumbani pamoja. Binti alifikiri, akasema kuwa anataka, na kwamba atarudi wakati wa mavuno. Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Nilipomtazama kwa huzuni alinikatiza akasema, "Walau safari hii, Mwalimu, ameulizwa."