Ustadi na Uaminifu



Kila zama huja na ustadi wake, na kila ustadi huja na mtihani wake. Wazee wetu wa Unguja walijaribiwa katika pishi na mizani: mwenye karafuu aliweza kuweka kavu juu na mbichi chini, akamwuzia mwenziwe maji kwa bei ya karafuu. Vijana wetu leo wanajaribiwa katika jambo ambalo mzazi aghlabu halioni, kwani hufanyika ndani ya kioo cha kompyuta, usiku, mlango umefungwa. Nataka nieleze moja katika mambo hayo, nalo ni ustadi wa kutunga programu ya kuufungua mchezo wa kompyuta kwa njia isiyokuwa ya wenyewe, kisha programu hiyo ikaucheza mchezo badala ya mtu. Mashine ya namna hii vijana huiita "boti", wala si boti la kwendea Dar es Salaam.

Mimi ni mwalimu wa chuo, na ilimu yangu ni ya Kurani na ya skuli ya msingi tu. Haya nimeyapata kwa mpwa wangu, kijana aliyesoma chuoni kwangu Malindi mpaka akahitimu, kisha akajifunza kompyuta. Dada yangu alinijia akilalamika kwamba mwanawe halali, na kwamba alfajiri huikuta kompyuta inafanya kazi peke yake: miti inakatwa kwenye kioo na hapana mtu aliyekaa mbele yake. Jirani mmoja alikwisha mtia khofu kwa kumwambia kuwa huo ni uchawi. Nikamwita kijana barazani baada ya sala ya Isha, nikamtaka anieleze yote tangu mwanzo, nikamsikiliza siku mbili bila ya kumkatiza. Kumkataza mtoto jambo usilolijua ni kumfundisha kukuficha.

Mchezo wenyewe unaitwa RuneScape. Ulitolewa mwezi wa Januari 2001 na ndugu wawili Waingereza, Andrew na Paul Gower, na kampuni inayoumiliki ni Jagex ya mji wa Cambridge. Watu wa kila upande wa dunia hukutana kwa njia ya intaneti katika nchi moja ya kubuni, wakakata miti, wakavua samaki, wakachimba madini na wakauziana. Kazi nyingi zina madaraja mpaka 99. Kulifikia daraja la 99 kunataka pointi 13,034,431, na aliyefika daraja la 92 ndiyo kwanza yuko nusu ya njia. Kazi hiyo yataka miezi ya subira, na pana subira ndefu ndipo mtu hutamani njia ya mkato.

Mchezo huo ulitungwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1995, na jina lake limetokana na kahawa ya kisiwa cha Jawa. Maagizo yote ya mchezo hufungwa katika furushi moja. Zamani mchezaji wa kawaida alitumia programu ya wenye mchezo, nayo ililipokea furushi lile kutoka kwenye seva yao, ikalifungua, na mchezo ukaonekana kiooni. Mpwa wangu alitunga programu yake mwenyewe ya kulipakia. Programu hiyo hubisha hodi kwenye seva ile ile, ikasoma vigezo vinavyotakiwa, ikalipokea furushi, na ikajifanya kuwa ndiyo mwenyeji anayetarajiwa. Furushi likisha kufunguka ndani ya nyumba ya kijana, yeye ndiye mwenye funguo: aweza kutazama yaliyomo wakati mchezo unaendelea, na aweza hata kuingiza maagizo yake kabla haujaanza.

Lakini wenyewe hawakuliacha furushi wazi. Majina yote ya ndani wameyavuruga. Mahali ambapo mtungaji aliandika "mchezaji" au "mti" pamebakia herufi a, b na c zisizokuwa na maana, na furushi likitolewa jipya huweza kubadilika tena. Basi kijana hukaa akapambanua: hii b hubadilika kila mtu anapopiga hatua, kwa hivyo ndiyo mahali aliposimama, hii c hupungua anapopigwa, kwa hivyo ndiyo uhai wake. Nilipoyasikia hayo niliwakumbuka wasomaji wa maandiko ya kale ya Kiarabu yaliyoandikwa bila ya nukta, ambao huitambua ba na kuibagua na ta kwa kuyatazama maneno ya pembeni. Sitaficha, nilistaajabu. Mtoto niliyemfundisha herufi kwa kijiti alikuwa amekuwa mwanachuoni wa herufi ambazo mimi sizijui.

Mpaka hapo nilikuwa nikimsikiliza kwa furaha. Usiku wa pili akafikia sehemu ya mwisho, nayo ni namna mashine inavyobonyeza. Akanieleza kuwa wenye mchezo huyatafuta maboti kwa kutazama mwendo wake. Binadamu habonyezi mahali pamoja kila mara, huchoka, hukosea, hwenda kunywa maji. Kwa sababu hiyo watunga boti huiamrisha mashine ingoje kwa muda usiolingana, ibonyeze pembeni kidogo, na mara nyengine ikosee kwa makusudi.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi miaka thalathini nasahihisha makosa ya watoto, na wewe wakesha ukiifundisha mashine kukosea! Kwa nini ikosee?"

Akajibu, "Ili wasijue, Mjomba."

Ndugu msomaji, neno hilo "wasijue" ndilo jawabu la mas'ala yote. Sote tunakijua kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono wake katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta umaji chini, akamkaripia mwenye mali kwa kuuficha umaji ule watu wasiuone. Nafaka ile ilikuwa ya mtu kwa haki yake, na aibu yake ilikuwa katika kuficha. Boti nayo ni chungu iliyo kavu juu na mbichi chini. Na zaidi ya hayo pana ahadi: kila anayeingia katika mchezo huu hukubali kwanza masharti ya wenyewe, na moja katika masharti hayo ni kwamba asitumie programu ya kumchezea. Ahadi ni ahadi, ikitolewa kwa ulimi, kwa kalamu au kwa kidole juu ya kioo.

Kijana hakukubali upesi, na hoja zake zastahiki kujibiwa, kwani ni hoja za vijana wengi.

Hoja ya kwanza alisema, "Huu ni mchezo tu, hapana aliyeibiwa." Nikamtaka anisimulie historia ya mchezo wenyewe, na jawabu likatoka kinywani mwake. Dhahabu ya mchezo huuzwa kwa fedha za kweli, kinyume cha masharti, na maboti huichimba usiku na mchana. Ili kuizuia biashara hiyo, mwanzoni mwa 2008 Jagex iliweka mipaka katika kuuziana na kupeana. Mchezaji hakuweza tena kumpa mwenziwe kitu cha thamani kubwa pasipokuwa na kinacholingana nacho. Hata ukarimu baina ya marafiki ukatiwa kizuizi, na jambo hilo lilidumu mpaka Februari 2011. Kisha, mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, kampuni ikatoa mageuzi makubwa ya kuyafukuza maboti, akaunti zaidi ya milioni moja zikafungwa, wala mashindano hayo hayajesha mpaka leo. Basi wadanganyifu walikosa, na waliobanwa miaka mitatu ni watu wote, pamoja na aliyekata miti yake kwa mkono wake.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi. Akasema, "Mjomba, kazi hakuna. Na Venezuela watu wamekula kwa dhahabu hii." Ni kweli kwamba wakati wa dhiki kubwa ya nchi ile, khasa tangu 2017, wako waliocheza kutwa kwa mikono yao ili waiuze dhahabu ya mchezo wapate chakula, na hilo nalo limekatazwa na masharti. Lakini nikamwuliza: boti lako moja likimwaga sokoni dhahabu nyingi bila ya kuchoka, bei ya dhahabu ya yule maskini itapanda au itashuka? Akanyamaza. Kisha akanieleza jambo alilokuwa amemficha mama yake. Mnunuzi mmoja wa nchi za mbali alipokea dhahabu ya miezi miwili, akatoweka bila ya kulipa. Nikamwuliza, "Ulimshitaki kwa nani?" Hakuwa na pa kushitaki, kwani biashara inayofichwa haina kadhi.

Hapo ndipo nilipofahamu uzito wa jambo lenyewe. Fedha ya boti ilikuwa ikinunua mchele wa nyumba ile na kulipa ada za wadogo zake wawili. Dada yangu alipoambiwa kwamba fedha ile inatokana na udanganyifu, alikaa kimya muda mrefu. Ni wepesi kumwambia mtoto wa mtu aache, na ni uzito kuitazama sufuria ya mtu. Alichosema mwishowe ni kuwa mwanawe aache, na wao watapunguza matumizi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifurahisha: "Mjomba, hii ni ilimu." Naam, ni ilimu, na ushahidi ulikuwa mkononi mwake. Iko programu iitwayo RuneLite, iliyoanza 2016, nayo pia imetungwa kwa Java, huupakia mchezo ule ule na kuongeza mambo yenye manufaa kwa mchezaji, kama vile alama na maelezo. Sehemu kubwa ya maagizo yake imewekwa wazi kila mtu aisome. Mwezi wa Mei 2018 Jagex ilitaka ifungwe, wachezaji wakapiga kelele, pande mbili zikazungumza, na ikaruhusiwa kuendelea. Lakini anayecheza awe ni mtu mwenyewe. Tazameni, ndugu zangu: ustadi ni ule ule wa mpwa wangu, na mlango ni ule ule. Tofauti ni kwamba hawa wameweka kazi yao hadharani na wamepata idhini.

Mpwa wangu aliizima boti yake baada ya wiki moja. Dhahabu iliyobaki hakuiuza. Programu ya kupakia ameibakisha kwa ajili ya kujisomea, na mchana hutengeneza simu na kompyuta za watu Darajani. Kipato chake ni kidogo kuliko cha zamani, nao mchele hupimwa kwa uangalifu, lakini usiku analala.

Kwa hivyo nawausia wazazi mambo matatu. Kwanza, ulizeni kabla ya kukaripia. Msiseme uchawi wala upuuzi kwa jambo msilolifahamu. Pili, fedha ikiingia nyumbani, ulizeni imetoka wapi, hata kama mnaihitaji. Tatu, mkiona mtoto ana ustadi huu, msiuvunje, mtafutieni walimu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiko karibu, na ilimu ya kompyuta husomeshwa huko.

Nanyi vijana, mkitaka kujua kama kazi mnayoifanya ni njema, jiulizeni kama mwaweza kuifanya mlango ukiwa wazi, na mwenye mali amesimama nyuma yenu akitazama. Mkiona mwahitaji kuifundisha mashine kukosea ili asijue, basi iacheni.

Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa, na aturuzuku ya halali na baraka ndani yake. Amin.