Ukuta wa Unyambwa na Somo Tulilolipata

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikuwa tukiwasimamia wanachuo katika shule moja ya msingi huko Unyambwa, mkoani Singida. Ukuta wa nje wa Darasa la Tatu ulikuwa umebambatuka rangi, na lipu ilikuwa imeachana na matofali hadi usawa wa magoti. Kwa kuwa tangu mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tuoanishe kazi na masomo, tuliona kwamba hapo pana somo tayari.

Tuliwaagiza wanachuo wakwangue ukuta, wazibe nyufa na kupaka rangi ya mafuta kabla ya juma kwisha. Fedha zilikuwa michango ya wazazi. Mwanachuo mmoja alisema kwa adabu, "Mwalimu, ukuta huu bado una unyevu." Tulimjibu kwamba muda hautoshi. Wenzake wakacheka, naye akanyamaza.

Tuliporudi mwezi wa Mei, baada ya masika, rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na nyuma yake mlikuwa na unga mweupe wa chumvi. Mama mmoja wa kamati ya shule hakutulaumu, aliuliza tu, "Walimu, tuchange tena?" Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba ufa, na bado tukatakiwa kujenga ukuta.

Tulimwomba radhi yule mwanachuo mbele ya wenzake, kisha tukamwachia aongoze kazi. Hakuanza na brashi. Alisimamisha kipande cha chaki katika kisahani cha maji yenye wino, akawauliza watoto wanaona nini. Waliona wino ukipanda, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa koroboi. Kisha akawatoa nje. Wao wenyewe wakagundua kwamba maji ya bati huanguka chini ya ukuta, na kwamba udongo umerundikana juu ya msingi. Maji hupanda ndani ya matofali yakiwa yameyeyusha chumvi. Jua likiyakausha, chumvi hubaki, hukua na kuisukuma lipu. Watoto wanaoyajua maziwa ya Singidani na Kindai, ambayo maji yake ni ya chumvi, hawakuhitaji maelezo marefu.

Kazi ikafuata mpango huu. Udongo uliondolewa, na mfereji ukachimbwa wa kupeleka maji mbali. Ukuta uligongwagongwa, palipotoa sauti ya uwazi, lipu ilibanduliwa. Matofali yaliachwa yakauke, chumvi ikasuguliwa kwa brashi kavu, kwa maana kuiosha ni kuirudisha ndani. Lipu mpya ilichanganywa kwa kipimo kimoja cha saruji, kimoja cha chokaa na sita vya mchanga, ikamwagiliwa maji kwa siku saba na kuachwa mwezi mzima. Mwisho ilipakwa chokaa nyepesi mara tatu, kwa kuwa chokaa huuacha ukuta upumue, ilhali rangi ya mafuta huufungia unyevu ndani. Chokaa huunguza macho na ngozi. Kwa hiyo waliichanganya watu wazima, na watoto wakapima eneo la ukuta.

Ndugu walimu watarajiwa, mtoto akiandika kwamba 42 kutoa 17 ni 35, nasi tukampa hesabu kumi nyingine za namna hiyo, tunapaka rangi juu ya unyevu. Tumwulize amepataje. Atatuonyesha kwamba alitoa 2 katika 7, kwa sababu amezoea kutoa kidogo katika kikubwa. Hapo ndipo maji yanapopandia.

Baada ya masika yaliyofuata lilitokea baka moja dogo karibu na mlango. Watoto walilikuta kabla yetu, nao walikwisha kwenda kuutazama mfereji.