Kasha Lililokuwa Likipiga Kelele

Nimepotea kidogo kwa sababu ya kazi, mnisamehe. Leo sitaandika kuhusu programu. Au pengine nitaandika, mtaona mbele ya safari.

Mwaka 2019 mjomba wangu alirudi nyumbani baada ya kufanya kazi Marekani kwa miaka mingi. Wengine waliletewa viatu na simu. Mimi alinipa sarafu mbili za fedha za dola moja, zile ziitwazo Morgan, zote za mwaka 1881 na zote zilizotengenezwa San Francisco. Ukiigeuza utaona herufi ndogo S chini ya shada la majani. Kila moja ilikuwa imefungiwa ndani ya kasha bapa la plastiki ngumu, pamoja na karatasi ndogo yenye maandishi. "Zitunze hivyo hivyo zilivyo," akaniambia. Sikuuliza kwa nini.

Kasha la kwanza lilikuwa dogo, na ukilitikisa unasikia sarafu ikigonga plastiki. Mimi nikadhani limeharibika. Mnatujua sisi watengenezaji wa programu, tukiona hitilafu mkono unawasha. Nikachukua koleo, nikalivunja, nikaitia sarafu kwenye albamu mpya safi. Nikajisifu.

Wiki chache baadaye ndipo nilipoanza kusoma. Majuto ni mjukuu.

Ni hivi. Zamani muuzaji na mnunuzi wa sarafu walibishana kila mara: huyu anasema haijatumika, yule anasema imechakaa. Tangu 1979 ANACS ilikuwa ikitoa cheti cha karatasi chenye picha na daraja la sarafu, lakini karatasi ni rahisi kutengana na sarafu yake. Mwaka 1986 kampuni ya PCGS ikaanza kazi kwa njia nyingine: inaichunguza sarafu, inaipa daraja kati ya 1 na 70, kisha inaifungia pamoja na lebo ndani ya kasha lisiloweza kufunguliwa bila kuvunjwa. NGC ikafuata mwaka 1987. Kwa lugha yetu, data na maelezo yake vikafungwa kwenye faili moja.

Makasha hayo yamebadilika mara nyingi, na hakuna aliyeandika juu yake "toleo la 1" au "toleo la 2". Unalitambua kwa umbo. Yale ya kwanza ya PCGS, ya 1986 hadi 1989, ni madogo na hayana ukingo ulioinuka wa kuyawezesha kupangwa moja juu ya jingine. Sarafu nyingi hucheza ndani yake, ndiyo maana wakusanyaji wa Marekani wakayapa jina la kayamba. Kelele niliyoiona hitilafu ndiyo ilikuwa kitambulisho chake! Baadaye ukaja ukingo, na lebo ya kijani iliyotumika hadi 1998, kisha lebo ya buluu.

Kasha langu la pili ni hilo la lebo ya kijani. Juu yake kuna namba inayoanza 7130.64, halafu mkwaju, halafu tarakimu saba. Nilipoielewa nilicheka peke yangu. 7130 ni aina ya sarafu (dola ya Morgan, 1881, San Francisco), 64 ni daraja, na zile saba ni namba ya sarafu hiyo moja tu. Ni ufunguo wa hifadhidata uliochapishwa kwenye karatasi miaka mingi kabla sijajua kompyuta ni nini.

Kwa nini watu wanayatafuta makasha ya zamani? Wengi wanaamini wapimaji wa miaka ile walikuwa wakali zaidi, kwamba 64 ya wakati ule huenda leo ikapewa 65. Kwa hiyo wapo wanaovunja makasha na kupeleka sarafu ipimwe upya. Wasiporudisha lebo ya zamani, sarafu moja inahesabiwa mara mbili kwenye takwimu za kampuni, na kila anayezisoma anadanganyika. Kadiri makasha yanavyovunjwa, yaliyobaki yanapanda bei. Lakini usinunue kwa rangi ya lebo pekee. Kufikia 2008 makasha bandia yalikuwa yameshaonekana sokoni. Linganisha namba na rekodi za kampuni, kisha uiangalie sarafu yenyewe.

Nami nilijaribu hivyo na lebo niliyoitoa kwenye kasha nililovunja. Namba bado ipo kwenye rekodi, ila haina picha. Sarafu ninayo, lebo ninayo, lakini hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hii ni ya hii. Nilikata uzi wenyewe.

Ilinibidi nimwambie mjomba. Alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Hiyo niliinunua 1988, mwaka wangu wa kwanza kule. Nilipokuwa na upweke nilikuwa naitikisa." Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Lebo nimeirudisha kwa kampuni ili hesabu yao iwe sawa. Sarafu ipo, ni ileile, gramu 26.73, imetulia kimya kwenye albamu.

Wiki jana kazini nilikuta safu kwenye hifadhidata ya zamani isiyotumiwa na programu yoyote. Kidole kilishafika kwenye amri ya kuifuta. Nikaiacha, nikaenda kumuuliza mzee aliyeijenga. Alikuwa na sababu.

Haya, nanyi je? Mmewahi kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika? Tuonane tena hivi karibuni.