Dundori Wakati wa Kipupwe

Mtu atokaye mjini Nakuru kwenda Dundori hufuata barabara kuu ya Nairobi hata Lanet, ndipo hupinda kushoto na kuanza kupanda. Safari si ndefu, lakini mwezi wa Julai ni kama kuhama nchi. Nyuma yake jua lingali linawaka. Mbele milima imejifunika ukungu. Mji wa Nakuru uko kiasi cha meta 1,850 juu ya bahari. Dundori yapita 2,200, na kadiri mtu apandavyo ndivyo joto lipunguavyo. Mgeni aliyelikunja koti lake Lanet hulikunjua kabla ya kuyafikia maduka ya Dundori, na wenyeji humtambua kwa hilo.

Wengi hushangaa kuona baridi ya namna hii karibu na ikweta. Lakini mwezi Juni jua huwa limekwenda mbali kaskazini, na pepo za kusini-mashariki huleta mawingu mazito yanayolala juu ya msitu hata adhuhuri. Watu wa mbali hudhani kwamba adui wa miezi hii ni sakitu. Sivyo hasa. Sakitu hupenda usiku mweupe usio na wingu, kama ule wa Januari. Adui wa Julai ni unyevu.

Unyevu huo ndio ulezi wa ugonjwa wa ukungu wa viazi, ule ule ulioleta njaa kuu Ireland tangu mwaka 1845, na ambao ulionekana Kenya mwaka 1941. Kwanza jani hupata doa kama lililomwagikiwa maji ya moto; likigeuzwa asubuhi na mapema, huonekana utando mweupe chini yake. Baridi na manyunyu yakiendelea, shamba zima laweza kuwa jeusi kwa muda wa juma moja, kana kwamba moto umepita. Ndiyo sababu mkulima wa Dundori huamka na kupita matutani akigeuza majani kabla hajanywa chai. Dawa hunyunyizwa kabla ugonjwa haujaenea, si baada yake. Wako wanaonyunyiza kwa kumwiga jirani, bila kupima dawa wala kutazama mvua. Hao hupoteza fedha na viazi pamoja. Udongo nao huinuliwa vema kwenye mashina, ili vijidudu vinavyodondoka na mvua visivifikie viazi vyenyewe.

Si kila mmea uogopao baridi. Ua la pareto halichanui vizuri pasipo baridi, na zamani zao hili lilikuwa fedha ya nyumba nyingi za nyanda hizi, hata baada ya mashamba ya Wazungu kugawanywa kwa Waafrika katika mpango wa makazi ulioanza mwaka 1962. Baadaye malipo yalipochelewa, wengi waliing'oa wakapanda viazi. Kabeji, karoti na njegere pia hustawi katika ubaridi. Nepia ya ng'ombe, kinyume chake, hudumaa, na maziwa hupungua wakati ule ule watoto watakapo uji wa moto. Mama wa nyumba huongeza thabai, lile jani liwashalo, katika viazi na njegere zinazopondwa pamoja. Likishaiva haliwashi tena, na mwenye kulidharau hajalionja.

Mahindi yaliyopandwa Aprili hayatakauka hata mwisho wa mwaka. Kwa hiyo chungu cha Julai na Agosti chategemea viazi, na hapo ndipo penye mashaka, kwani viazi hivyo hivyo ndivyo mbegu ya msimu ujao. Mwenye busara huchomeka kijiti kando ya kila shina lenye afya wakati maua yangalipo. Majani yakishakatwa, shina zima na shina gonjwa hayatambulikani tena. Mjukuu akija na jembe jioni, njaa ikimwuma, huuliza, "Cucu, nichimbe hapa?" Na bibi hujibu bila kuinua macho, "Penye kijiti usiguse, mjukuu wangu." Jibu hilo ni gumu siku ambayo sufuria ni tupu na mashina yasiyo na kijiti yamebaki machache. Aina ya Shangi, ipendwayo sana sokoni, huchipua upesi. Basi mbegu zake hutandazwa juu ya vichanja penye mwanga usio wa jua kali, ili machipukizi yawe mafupi na yenye nguvu.

Usiku ukiingia, milango hufungwa mapema na watu wote husogea motoni. Kuni mbichi hutoa moshi tu, kwa hiyo wengine huleta jiko la makaa hata chumba cha kulala. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na waliolala katika chumba kilichozibwa huweza kufa pasipo kuamka. Katika nyumba zilizozoea kipupwe, jiko hutolewa nje kabla ya blanketi kufunuliwa, hata kama makaa yangali mekundu na watoto wananung'unika. Huachwa barazani, na manyunyu huyazima polepole, huku mbwa akilala karibu nalo.