Haiko Mubaya

Mwezi Julai mwaka 2021, vyuo vilipokuwa vimefungwa kwa mara ya pili kwa ajili ya korona, mhadhiri mmoja wa idara ya kompyuta alinipigia simu akaniomba nimtafsirie hojaji kwa Kiswahili. Nilikuwa nyumbani Arua, nimekaa barazani nikipukuchua mahindi na bibi yangu. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza, kwa kuwa alikuwa ametaja malipo. Hojaji yenyewe ilikuwa ya maswali kumi na manane kuhusu masomo ya mtandaoni tuliyoyapata tangu Machi 2020. Chuoni kwetu kuna wanafunzi wengi kutoka Kongo na Burundi ambao Kiingereza walikikuta ukubwani, na Daktari alitaka wajibu kwa lugha wanayowazia. Kila swali lilikuwa na majibu matano ya kuchagua: mbaya sana, mbaya, wastani, nzuri, nzuri sana. Nilijiambia kwamba kazi hiyo ni ya saa moja.

Ilinichukua wiki mbili, na siku nne za mwanzo ziliishia kwenye anwani ya utafiti. Daktari anafanya utafiti kuhusu namna ya kuamua mambo kwa kutumia mantiki ya fazi, tawi la hisabati linaloshughulikia maneno yasiyo na mpaka. Mimi sikuwa nimelisikia kamwe. Nikaandika "mantiki isiyo wazi", nikamtumia. Alinipigia akicheka. "Mantiki yangu iko wazi kabisa," alisema. "Kisicho wazi ni maneno ya watu." Nikajaribu "mantiki ya ukungu", nikaona inanuka ushairi. Nikajaribu "mantiki tata", nayo ikaleta picha ya kitu kilichofungamana kisichofunguka. Jioni ya siku ya nne bibi aliniita nimpelekee maji bafuni, akachovya mkono, akasema hayo bado ni vuguvugu, niongeze ya moto. Nikaongeza kikombe. Bado. Nikaongeza kingine. Sasa yamekuwa ya moto. Ni tone gani lililoyatoa kwenye uvuguvugu na kuyaingiza kwenye umoto? Hakuna. Usiku huo nilimwandikia Daktari kwamba nimepata neno lake. Kwenye anwani tuliacha "fazi" kwa sababu wenzake wangeitafuta hiyo, lakini katika maelezo yote niliandika "vuguvugu", na mpaka leo naona ndilo linalofaa.

Wazo lenyewe si gumu. Katika hisabati tuliyofundishwa shuleni, kitu ama kimo katika seti ama hakimo. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alichapisha makala akipendekeza kwamba kitu kinaweza kuwamo kwa kiasi. Badala ya 0 au 1, unakipa namba yoyote kati ya hizo mbili. Chukua neno "kijana". Kwa sheria ya baraza la vijana la Uganda, kijana ni mtu wa miaka 18 hadi 30. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhesabu kijana mpaka kabla hajatimiza 35, na sera ya vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inaanzia 15 na kufikia 35. Kwa hiyo Mganda wa miaka 33 akipita Mutukula kuingia Tanzania anarudia ujana palepale mpakani, na akirudi nyumbani jioni anazeeka. Sheria haina budi kukata mahali fulani. Lakini lugha haikati hivyo, na Zadeh alitaka hesabu inayokwenda kama lugha.

Nilipokuwa nikisoma ili nielewe ninachotafsiri, nilikutana na jina jingine: Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa Tanzania mwaka 1942, akasoma India kisha akaenda London. Huko, katikati ya miaka ya 1970, yeye na mwanafunzi wake Assilian waliendesha injini ndogo ya mvuke kwa kanuni zilizoandikwa kwa maneno ya kawaida, za aina ya "ikiwa joto limepungua kidogo, ongeza moto kidogo". Injini ikatii. Mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za mji wa Sendai, Japani, zikaanza kuendeshwa na kufungwa breki kwa mantiki ya jinsi hiyo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuulizwa lugha yetu itatupeleka wapi katika sayansi. Nilimsomea bibi habari za injini iliyoelewa neno "kidogo". Akasema hata jiko lake linaelewa.

Sehemu iliyonigusa zaidi, hata hivyo, ilikuwa ile ya kuamua. Daktari alinieleza kwa picha ya ubao aliyonitumia kwenye WhatsApp, na namba zake alisema ni za mfano tu. Njia ya kwanza: mihadhara ya video ya moja kwa moja. Kuongea na mwalimu ana kwa ana aliipa 1, kueleweka kwa somo 0.9, urahisi wa kusimamia mitihani 0.9, unafuu wa bando 0.2. Njia ya pili: sauti zilizorekodiwa na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Hapo aliweka 0.6, 0.6, 0.5 na 0.7. Ukijumlisha na kugawanya kwa nne, video inapata 0.75 na sauti 0.6. Video inashinda, na bila shaka wengi walioamua mambo haya mwaka 2020 walipiga hesabu ya namna hiyo, kama si kwenye karatasi basi kichwani. Lakini mwaka 1970 Richard Bellman na Zadeh walionyesha njia nyingine: malengo na vikwazo vyote vinatazamwa kwa pamoja, na kila njia inapewa alama yake ya chini kabisa. Kwa hesabu hiyo video inabaki na 0.2, na sauti inabaki na 0.5.

Niliitazama ile 0.2 kwa muda mrefu. Katika wastani, uzuri wa picha unailipia bando deni lake. Katika hesabu ya Bellman na Zadeh, haulipi kitu. Mwanafunzi asiyeweza kuingia darasani hapati faida yoyote kutokana na ubora wa darasa hilo. Daktari mwenyewe alinionya nisiipende kanuni hiyo kupita kiasi, kwani ni kali, na inaweza kukataa njia nzuri kwa dosari moja tu. Ni kweli. Lakini nilikumbuka nilivyokuwa nikipanda kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, umeme wa Arua ukiwa haujaunganishwa bado na gridi ya taifa na betri ya simu ikisoma asilimia nane, na mhadhiri mmoja wa somo jingine akituambia penye nia pana njia. Nia nilikuwa nayo. Mwezi Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na Julai hiyohiyo ninayoisimulia, kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii iliondolewa, ikaletwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe.

Hojaji ilipokuwa tayari ilitumwa kama kiungo kwenye makundi ya WhatsApp. Yaani, hojaji ya kuuliza nani alikosa bando, ikatumwa kwa bando! Nilimwambia Daktari hivyo kwa adabu kadiri nilivyoweza. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama niko tayari kuwapigia simu wale ambao hawajajibu, kwa muda wa maongezi atakaoununua yeye. Niliwapigia watu thelathini na wawili.

Na hapo majibu yangu matano yakavunjika. Karibu hakuna aliyesema "mbaya" wala "wastani". Walisema "si haba". Walisema "tunamshukuru Mungu". Mmoja kutoka Bujumbura alisema "twavumilia", nikamwuliza hiyo niiweke wapi, akaniambia niiweke ninapoona inafaa. Dada mmoja wa Kongo niliyekuwa naye darasa moja la fonolojia, ambaye mipaka ilipofungwa alikuwa kwao Bunia, alijibu karibu kila swali kwa maneno mawili: haiko mubaya. Mtandao? Haiko mubaya. Gharama? Haiko mubaya, ndugu. Nikatia alama kwenye "wastani" mara kumi na moja mfululizo. Katika jedwali la Daktari, "wastani" ilikuwa ni namba tatu: 3, 5, 7. Maana yake inaanzia 3, inakolea kwenye 5, inakwisha kwenye 7. Ukizijumlisha na kugawanya kwa tatu unapata 5 kamili. Huyo dada alikuwa mwanafunzi wa 5 kati ya 10.

Wiki iliyofuata nilikuwa nikikagua orodha ya waliofanya mitihani ya muhula ule, na jina lake halikuwamo kwenye somo hata moja.

Nilimwambia Daktari nataka kubadilisha majibu yake yote yawe "mbaya sana". Alikataa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mwalimu kwa mwanafunzi. Nikianza kuwasahihishia watu maneno yao kwa huruma, alisema, kesho nitawasahihishia kwa chuki. Kisha akanieleza kwamba katika taaluma yake wako waliokwisha kuliona tatizo hili, akiwemo Jerry Mendel wa Marekani, ambaye amejenga kazi kubwa juu ya jambo moja: neno lilelile hubeba kiasi tofauti kwa watu tofauti. Dawa yake si mtafiti kukisia. Ni kumrudia msemaji na kumwuliza, katika sifuri hadi kumi, neno lako linaanzia wapi na linaishia wapi.

Nakiri kwamba nilikasirika kidogo. Miaka miwili nimesomeshwa semantiki na pragmatiki, nimeandika kuhusu tafsida na adabu za mazungumzo, halafu mtu wa kompyuta ndiye anayenikumbusha kuwa "si mbaya" ya mtu aliyefiwa siyo "si mbaya" ya mtu aliyeshiba.

Nilimpigia tena dada yule jioni, saa ambayo Bunia kunakuwa na utulivu. Tuliamkiana, tukaulizana habari za nyumbani, za mama yake, za bibi yangu. Nikamwambia nataka kumwuliza jambo la kipuuzi.

"Uliza, ndugu."

"Uliposema mtandao hauko mbaya. Hauko mbaya kuliko nini?"

Alicheka. "Kuliko kuacha kabisa. Wenzangu huku wameacha kabisa. Mimi niliuza simu mwezi wa tano tu."

Nikamweleza habari ya sifuri na kumi. Nilidhani ataona ni mchezo, lakini alifikiri kwa muda hata nikaogopa kwamba laini imekatika.

"Inaanza sifuri," alisema. "Sababu ziko siku ambazo ilikuwa sifuri kabisa, na siku hizo pia ningekuambia haiko mubaya."

"Na mwisho wake?"

"Ine. Haipite ine."

"Na siku nyingi ilikuwa ngapi?"

"Mbili."

Nikafuta "wastani" kwenye mstari wake wa kwanza, nikaandika 0, 2, 4. Kisha tukaendelea na swali la pili.