Nyuso Zetu Zionekane

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii tunaiandika katika insha kila muhula, tunapewa alama, kisha tunaisahau. Mwaka huu mimi nimeiona ikifanya kazi mbele ya macho yangu katika chumba cha tarakilishi cha shule yetu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Wanaolikumbuka toleo la mwaka jana watakubaliana nami kwamba picha zake zilitia huruma. Kikundi cha ngonjera kilitoka mashati meupe na meno tu. Nyuso zote zilikuwa madoa meusi kama masizi ya sufuria. Chini ya picha majina 14 yamepangwa vizuri, lakini nani ni nani? Mama wa mwenzetu mmoja, anayeuza mboga sokoni, alinunua nakala kwa pesa zake mwenyewe. Akaigeuzageuza, akaisogeza kwenye mwanga, mwishowe akauliza, "Sasa mwanangu ni yupi hapa?" Mwanawe naye alijitambua kwa kola iliyopinda. Tulicheka, lakini mama yule hakucheka.

Duka lililotuchapia lilisema ati picha zetu zilifika zikiwa na giza, na kwamba kuzitengeneza ni shilingi 30 kwa kila moja. Safari hii tulikuwa na picha 96. Piga hesabu: shilingi 2,880, na bado hujanunua karatasi! Hazina ya chama haikuwa na pesa hizo. Katika kikao cha wahariri kuna waliosema tuziache picha kabisa, tuchape maandishi matupu. Watakaoumia hapo ni wenzetu wa kidato cha nne, ambao hawana toleo jingine la kungojea.

Ndipo nikasimama nikasema, "Mwalimu, hebu tupe wiki moja tuzitengeneze wenyewe." Mwalimu mlezi akanitazama juu ya miwani yake, akajibu, "Haya, wiki moja."

Ujasiri huo niliupata kwa kaka yangu, aliye chuo cha ufundi. Aliwahi kunipa, ndani ya flashi, programu iitwayo ImageMagick. Ni ya bure kabisa, na ukishakuwa nayo huhitaji intaneti wala bando. Asili yake ni ya mwaka 1987 huko Marekani. John Cristy alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya DuPont, akatakiwa kuonyesha picha zenye mamilioni ya rangi kwenye viwambo vilivyoweza rangi 256 tu. Akaandika programu ya kutatua shida hiyo, na mwaka 1990 ikatolewa kwa umma bila malipo. Tangu hapo watu wengi wameiongezea uwezo, na leo hufungua aina zaidi ya 200 za picha.

Sasa, usitarajie vitufe vya kubofya. Programu hii huagizwa kwa maneno. Unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika sentensi, unabonyeza kitufe cha kuingiza, basi. Mwenzangu mmoja alichungulia begani pangu akauliza, "Wee, mbona usitumie kipanya kama watu wengine?" Nikamwambia angoje.

Sentensi yenyewe ina sarufi, na sisi wa Chama cha Kiswahili sarufi haitutishi. Kwanza unaita programu, kisha unataja picha unayoitoa, kisha mambo unayotaka itendewe, na mwisho jina la picha mpya. Kwa mfano:

magick ngonjera.png ngonjera.jpg

Hapo picha ya aina ya PNG imegeuzwa kuwa JPEG. Ni hivyo tu! Lakini herufi moja ikipotea, sentensi hukataliwa, kama vile mwalimu anavyokataa "kitabu yangu". Hata tahajia ya Kiingereza ina mambo yake. Anayeandika "colour" kwa herufi u, kama tunavyofundishwa darasani, haelewi kwa nini amekataliwa. Mashine hii inataka "color" ya Kimarekani.

Nirudi kwenye nyuso zetu. Picha ya simu inaweza kuwa na nukta 4,000 kwa 3,000, yaani nukta milioni 12. Kwenye karatasi, picha ya upana wa inchi 4 inatosheka na nukta 1,200 kwa upana, kwa hivyo tulizipunguza. Kisha tukaziondoa rangi, maana jarida letu huchapwa kwa wino mweusi. Hapo ndipo ugonjwa wa mwaka jana ulipokuwa. Wino husambaa kidogo kwenye karatasi, na kile kilichokuwa kahawia ya kupendeza huzama kikawa cheusi. Dawa yake ni neno moja: gamma. Ukiipandisha hadi 1.4, nyeusi tititi hubaki nyeusi, nyeupe pepepe hubaki nyeupe, ila vivuli vya katikati hung'aa. Na nyuso zetu, ndugu msomaji, ziko papo hapo katikati! Shavu, pua na tabasamu vikatokea.

Uzuri wa maneno kuliko kipanya ni kwamba sentensi moja inatosha picha zote. Tuliunda folda iitwayo jarida, kisha tukaandika hivi katika mstari mmoja:

magick mogrify -path jarida -auto-orient -colorspace Gray -gamma 1.4 -resize 1200x1200 -quality 85 *.jpg

Kinyota cha mwisho maana yake ni "zote". Tarakilishi yetu kongwe ilikoroma kama mzee aliyeshiba ugali, lakini kabla ya kengele ya kurudi darasani picha 96 zilikuwa tayari. Yule mwenzangu wa kipanya alinyamaza kimya, kisha akaomba aandikiwe sentensi ile kwenye daftari lake.

Atakayejaribu asikie onyo hili. Neno "mogrify" lina makali. Pasipo kulitajia folda ya pembeni kwa "-path", huandika juu ya picha ile ile ya asili, na ya asili haipatikani tena. Tengeneza nakala kwanza. Tena, JPEG hupoteza kitu kidogo kila inapohifadhiwa upya, kwa hivyo kila mara anza na picha ya asili. Na usidhani programu ni mganga. Picha iliyotikisika mkononi haina dawa. Tano kati ya zetu tuliziacha nje, nasi twawaomba radhi wenyewe.

Shilingi 2,880 hatukuzilipa. Lakini mimi naona tulichookoa kinazidi pesa. Pale dukani walituambia giza lile ndilo hali yetu, nasi tulikuwa karibu kukubali. Kumbe giza halikuwa katika ngozi zetu. Lilikuwa katika kazi isiyofanywa, na kazi yenyewe ni neno moja na tarakimu mbili.

Wanafunzi wenzangu, tusingoje kutengenezwa na wengine. Kila Alhamisi wakati wa michezo niko katika chumba cha tarakilishi hadi saa kumi na nusu, kisha nakimbilia matatu maana kwetu ni mbali. Njoo na picha yako, na uje na nakala. Kwa sasa fungua kurasa zifuatazo, ujitafute. Safari hii utajiona.