Nilichokuwa Nikikiita Faili Bovu

Kwa miaka sita nilikuwa na jibu moja la haraka. Mteja akileta flashi na printa ikaigomea kazi yake, namwambia, "Faili lako bovu, jaribu mjini." Sikuwa namdanganya, nilikuwa naamini hivyo. Leo nashuhudia kwamba kati ya mafaili niliyoyakataa, mengi yalikuwa mazima kabisa, na waliokuja nayo niliwarudisha barabarani bure.

Duka langu liko Kiseke, karibu na kituo cha daladala cha PPF. Ni fremu moja tu. Nauza kalamu, daftari na bahasha za kaki, natoa kopi, naskani, naprinti. Printa yenyewe ni ya leza, ya mtumba, niliinunua mjini Mwanza mwaka 2016 ikiwa tayari imetumika miaka mingi kwenye ofisi ya watu. Ni nzito, watu wawili ndio wanaibeba. Haisumbuki na karatasi, na tona moja inanipeleka miezi.

Miaka ya mwanzo tulielewana. Kazi zilikuwa barua za kuomba likizo, mitihani ya majaribio ya shule za hapa jirani, kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi. Nyingi nilizichapa mwenyewe kwenye kompyuta ya dukani, na printa ilizitoa bila neno. Halafu, polepole, kazi zikaanza kuja zikiwa zimeshatengenezwa kwingine. Fomu za kujiunga na kidato cha tano zinapakuliwa kwenye tovuti ya TAMISEMI. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa unaombwa RITA kwa mtandao. Ankara ya malipo ya serikali inakuja na namba ya kumbukumbu na kile kimraba cha kuskani kwa simu. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanajazwa kwenye mfumo wa HESLB, kisha fomu inaprintiwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini na viongozi, halafu inaskaniwa na kurudishwa mtandaoni. Zote hizo ni PDF.

Hapa naomba nikae kidogo, maana wanaotengeneza mifumo hii mara nyingi wana printa mezani. Mwananchi wa Kiseke, Nyasaka au Buswelu anajaza fomu kwa simu yake ya mkononi hadi mwisho, vizuri kabisa. Kisha anafika kwenye neno "printi". Printa nyumbani hana. Neno hilo moja linamtoa nje, linamleta kwangu, na kuanzia hapo haki yake inategemea mashine yangu na akili yangu. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo kwa uzito huo. Niliona nauza karatasi.

Dalili zilikuwa nyingi. Ukurasa ulitoka nusu, taa ya chungwa ikabaki inapepesa. Au herufi ziligeuka visanduku mstari mzima. Au mahali penye nembo au picha palitoka mraba mweusi tititi. Nilizima, nikawasha, nikatikisa tona. Ikishindikana, jibu langu lilikuwa tayari.

Mwezi Septemba 2022, dirisha la mikopo likikaribia kufungwa, alikuja binti mmoja wa mtaani kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mkopo?"

Akacheka, akanipa flashi. Nikaprinti. Fomu ilitoka, ila mahali pa picha yake palikuwa na mraba mweusi, na sehemu ya maandishi chini yake ilikuwa imemezwa. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikamwambia faili lake bovu, pengine lina virusi, aende mjini. Na kwa kuwa karatasi na tona vilikuwa vimetumika, nikamtoza shilingi 400 za kurasa zilizoharibika. Alilipa bila kubisha, akaondoka.

Kesho yake asubuhi mama yake alikuja. Aliniamkua vizuri, "Mwangaluka," nikaitikia. Akatoa karatasi mbili kwenye mfuko wa kitenge, akazilaza juu ya kioo cha kaunta, moja kando ya nyingine. Kwenye ile yangu palikuwa na mraba mweusi. Kwenye ya mjini palikuwa na uso wa mwanawe, amevaa shati jeupe la shule, anatazama mbele.

"Flashi ni ileile," alisema. "Na nauli nilikopa."

Hakunigombeza. Nilimrudishia zile 400, akazipokea, akakunja karatasi zake akaenda. Mpaka jioni sikuwa na raha. Kwa miaka sita sikuwahi kuziona karatasi mbili zikiwa zimelala pamoja namna ile, kwa sababu hakuna aliyerudi kunionyesha. Waliokwenda mjini walikwenda moja kwa moja.

Nikaanza kuhangaika mwenyewe. Wiki chache baadaye kompyuta ilikuwa kwa fundi, nikaweka programu ya kuprinti kwenye simu na kuielekeza kwenye printa kupitia ruta. Nilituma ukurasa mmoja tu. Printa ikaanza kutema karatasi, na kila moja ilikuwa na mistari michache ya alama zisizosomeka: nyota, mabano, herufi zenye kofia. Nilizima, nilipowasha ikaendelea. Nilipofanikiwa kuchomoa waya wa ruta, karatasi 43 zilikuwa sakafuni. Sikuzitupa. Nyuma zilikuwa nyeupe, nikaziweka kwenye boksi niwe nafanyia hesabu za duka.

Boksi hilo ndilo lililonifungua macho. Kijana mmoja anayesoma chuo kikuu pale Malimbe alikuja kutoa kopi, nikamwandikia hesabu yake nyuma ya karatasi mojawapo. Akaigeuza, akaisoma juu.

"Mama, hii uliituma kwa simu?"

Nilishangaa amejuaje. Akaniwekea kidole kwenye mstari wa kwanza kabisa, juu kushoto. Pale, katikati ya vurugu yote, paliandikwa wazi: %PDF-1.7.

"Hili ni jina lake," alisema. "Kila PDF huanza kwa kujitaja, na namba hiyo ni toleo. Printa yako haijui PDF. Imelichukua faili kama maandishi ya kawaida, ikaanza kuyasoma herufi kwa herufi."

Alikaa kwenye benchi karibu saa nzima, na mambo aliyonieleza nimeyatumia kila siku tangu hapo. PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na imekuwa ikiongezewa uwezo toleo baada ya toleo. Si picha ya ukurasa, kama nilivyodhani. Ni maelekezo: weka herufi hii hapa, chora mstari pale, tandika picha hii juu ya rangi ile. Printa nayo ina lugha yake. Ya kwangu inajua lugha iitwayo PCL, iliyoanza miaka ya 1980 kwenye printa za HP na baadaye ikaigwa na makampuni mengi. Kwa hiyo ni kama mgeni aliyevuka ziwa kutoka Uganda, anaongea Kiganda tupu, akakaribishwa na bibi wa Kisukuma asiyejua lugha nyingine. Hakuna mgonjwa kati yao. Anahitajika mkalimani, na mkalimani ni kompyuta. Mimi kwa kutumia simu ile nilikuwa nimemruka mkalimani.

Na ule mraba mweusi? Nilimsimulia habari za fomu ya yule binti. Akasema mkalimani alikuwepo, ila alikutana na neno asilokuwa nalo. Mwaka 2001, toleo la 1.4 la PDF liliruhusu kitu kuwa na uangavu, yaani kilichotandikwa juu kiache kilicho chini kionekane. Vijana wanapofuta mandhari ya picha zao za pasipoti kwa programu za simu, ule utupu unaobaki ni uangavu huo. Lugha za printa za zamani hazikujengwa kwa uangavu wa namna hiyo. Hata PostScript, lugha ya printa ya Adobe yenyewe ya mwaka 1984, haina. Kompyuta yangu ilikuwa na Windows 7, yenye kisomaji cha PDF cha siku nyingi na programu ya printa ya siku nyingi zaidi. Palipotakiwa uangavu, pakatoka wino mweusi.

Taa ya chungwa nayo akanipigia hesabu. Ukurasa wa A4 kwa nukta 600 kila inchi ni nukta karibu milioni 35. Printa ya leza huupanga ukurasa kwenye kumbukumbu yake kabla ya kuuchapa, na kumbukumbu ya printa yangu ni ndogo kuliko ya simu janja ya bei rahisi kabisa. Ukiwa na picha nzito na aina nyingi za herufi, inajaa, inaacha ukurasa nusu. Ukishusha hadi nukta 300, mzigo unabaki robo.

Nakala ya fomu ya yule binti ilikuwa bado kwenye kompyuta yangu. Hiyo nayo ilikuwa aibu, kwani sikuwa na desturi ya kufuta nyaraka za watu. Kijana akaifungua, akabonyeza mahali palipoandikwa Advanced, akaweka tiki kwenye Print As Image. Maana yake kompyuta imalize kazi yote ya kutafsiri, iugeuze ukurasa mzima kuwa picha moja bapa, na printa iletewe nukta tu, zisizo na fumbo lolote. Ilichukua kama dakika moja. Printa ilinguruma, karatasi ikatoka ikiwa ya moto.

Uso wa yule binti ulikuwepo. Shati jeupe, macho yanatazama mbele. Mashine ni ileile, tona ni ileile, duka ni lilelile nililomfukuzia.

Niliiangalia, nikaichana, nikalifuta faili.

Tangu siku hiyo nina utaratibu mwingine. Faili likikataa, kwanza nalichapa kama picha. Likiendelea kukataa, nashusha nukta, au natoa ukurasa mmoja mmoja. Mtu akileta kazi ya Word na herufi zikaparaganyika, namwomba aihifadhi kama PDF kwenye simu au kompyuta aliyoiandikia, kwa sababu huko ndiko herufi zake ziliko. Anayenitumia picha kwa WhatsApp namwambia aitume kama dokumenti, isije ikabanwa njiani. Kuchapa kama picha kuna gharama yake: ni taratibu zaidi, na maandishi madogo sana hupoteza ukali kidogo. Kwa hiyo karatasi yenye kimraba cha kuskani haitoki dukani kabla sijakiskani kwa simu yangu na kuona kinasomeka.

Mwaka uliofuata kijana yuleyule alichukua kompyuta yangu moja iliyokuwa imekaa stoo, akaiwekea Linux na programu mbili za bure. Moja ni CUPS, inayopokea kazi na kuzipanga. Nyingine ni Ghostscript, iliyoandikwa na L. Peter Deutsch na kutolewa mwaka 1988, na kazi yake kubwa ndiyo hii niliyokuwa nikiikosa: kusoma PostScript na PDF, kisha kuzigeuza ziwe lugha ambayo printa inaielewa. Siku hizi mteja anatuma kutoka kwenye simu yake, kazi inapitia kwenye hiyo kompyuta, na printa ya mtumba inatoa karatasi kama vile imezaliwa jana. Programu hazikunigharimu hata shilingi. Nilimlipa kijana kwa kazi yake, kwa furaha.

Wenzangu wenye steshenari waliwahi kunishauri niitupe hii printa ninunue mpya. Nawaheshimu, lakini hapo walikosea. Mashine inayovuta karatasi vizuri na kuunguza tona vizuri haijafa. Ilichokosa ni lugha, na lugha inafundishika upande wa kompyuta.

Mafaili mabovu yapo kweli, nisije nikaonekana nasema hayapo. Ila sasa nayajua. PDF kamili humalizikia na alama %%EOF. Likikosa mwisho huo, mara nyingi bando liliisha kabla halijamaliza kushuka. Nampa mteja intaneti ya duka, analipakua tena mbele yangu, tunaendelea. Na kurasa zilizoharibika kwenye mashine yangu simtozi mtu, wala nyaraka ya mtu hailali kwenye kompyuta yangu.

Mama wa yule binti huja mpaka leo kutoa kopi za vikoba vyao. Nilimweleza yote haya, na nikamwomba radhi mbele ya wateja wengine, kwa kuwa nilimkosea binti yake mbele ya wateja wengine.

Nawe mwenye steshenari, uwe Igoma, Sengerema au Bukoba: kabla hujamtuma mtoto wa mtu mjini, mpe dakika moja, ulichape faili lake kama picha. Na kama una boksi la karatasi zilizojaa alama zisizosomeka, soma mstari wa kwanza juu kushoto. Ukishindwa kuuelewa, njoo nao Kiseke, nitakusomea.